Wimbo wa Mayu na Sumu ya Kunguni

Walikutana sokoni Bariadi, siku Marcelo alipokanyaga kitenge ambacho Evalina alikuwa amewatandazia wateja. Mji mzima ulimjua mtunzi huyo wa kwaya, na viatu vyake vyeupe. Evalina alijua tu kwamba kitenge kimechafuka.

"We kaka, huoni?"

"Nimekuona wewe, ndiyo maana nimepotea njia."

Basi, mapenzi yakashika moto. Simu asubuhi, simu mchana. Siku moja, wakila samaki Lamadi, Evalina alimwimbia wimbo ambao marehemu mama yake, mayu kwa Kisukuma, aliutunga mwenyewe wakati wa palizi ya pamba. Marcelo akaurekodi kwenye simu.

"Nikikumisi, mpenzi, nitausikiliza."

Maskini, akaamini.

Wiki moja kabla ya watu wa Marcelo kuja kutoka Maswa kuleta posa, gari la matangazo lilipita sokoni. Wimbo ulikuwa wa mama, mahadhi yaleyale, ila maneno yalisema: "Kunguni kwaheri, puliza ulale!" Wauza nyanya wakakata viuno. Evalina akatema mate pembeni. Akapiga simu.

"Marcelo, umemfanya nini mayu wangu?"

"Umeusikia! Hadi Maswa wanauimba, mamii."

"Mama amenilea na wimbo ule, wewe unauzia sumu ya kunguni? Uliniomba?"

"Sasa, mpenzi, sisi watunzi tunaokota popote. Usinune, nitakutungia mwingine, mtamu zaidi."

"Na mama je, utanitungia mwingine?"

Akakata simu. Mtu mzima, jina kubwa, haya hana hata kidogo!

Jioni Marcelo alifika nyumbani kwa shangazi yake Evalina, Nyanjige, shati limenyooshwa pasi, simu mkononi.

"Mwadila, sengi," alimsalimu shangazi, kisha akamgeukia Evalina. "Tuyamalize, mpenzi. Ule wimbo nimeshaufuta. Angalia mwenyewe."

Evalina akaangalia. Alichofuta ni ile rekodi ya Lamadi. Huko barabarani gari lilikuwa bado linapita, na watoto wa jirani wanaitikia.

"Umefuta sauti yangu," alisema polepole. "Kunguni umewaacha."

Marcelo alibenua mdomo, akarudisha simu mfukoni. Evalina alimtazama, akashangaa kwamba mdomo huo aliwahi kuubusu. Mwili ukamsisimka kwa kinyaa.

"Sengi, wapigie watu wa Maswa," alimwambia shangazi yake. "Waambie wasije."