Kikombe cha Makandi

Mstari kwenye kompyuta ulirukaruka mara tatu, kisha ukatulia. Kagwiria alisema labda ni ng'ombe. Barwaqo akachungulia nje. Ng'ombe wote walikuwa wamepelekwa mtoni.

Walikuwa wanafunzi wa jiolojia kutoka chuo cha Nchiru, wametumwa Ruiri kujifunza jinsi matetemeko ya ardhi yanavyopimwa. Mwenyeji wao, Mama Makandi, aliwaonyesha mahali pa kufukia kipimo, kilichounganishwa na kompyuta kwa waya mrefu, karibu na zizi, kisha akaenda sokoni. Hapo palikuwa na mwamba mtupu. Kagwiria akatafuta udongo laini, akaupata nyuma ya mbaazi. Mawe madogo yalikuwa yamepangwa duara, na katikati pana kikombe cha plastiki cha buluu. Aliyaelewa mawe hayo. Kwao, ndugu yake mdogo alizikwa vivyo hivyo. Lakini jua lilikuwa kali na mikono ilimuuma. Akayatupa kwenye ua pamoja na kikombe, akamwambia Barwaqo ni takataka. Walipomaliza kufukia, aliruka mara tatu juu ya udongo, kama walivyofundishwa, kuhakikisha kipimo kinasikia.

Sasa kitu kilikuwa kikimjibu.

Mwanzoni kilijibu kwenye mstari tu. Halafu harufu ya udongo na maziwa yaliyochacha ikaingia chumbani mwao, ikakaa kwenye chai, kwenye blanketi, kwenye nywele za Kagwiria, na mapigo yakahama kutoka shambani yakaja chini ya sakafu, yakasogea toka mlangoni hadi kitandani kwake, mepesi kama ya miguu isiyo na viatu, na alipoinua miguu yake yakanyamaza, yakangoja aishushe.

Alimfuata Mama Makandi jikoni, akakiri yote. Mama aliacha kukoroga uji. Hakumgombeza.

"Anaruka mara ngapi?"

"Tatu, Mama."

"Ndivyo alivyokuwa akifanya nikichelewa na maziwa."

Akakitafuta kikombe kwenye ua, akakijaza maziwa, akakirudisha mahali pake. Akawaomba wasikitoe kipimo. Alipogonga udongo kwa kiganja, mstari ulimjibu kwenye kompyuta waliyomletea, naye akacheka huku akilia.

Barwaqo alimvuta mwenzake kando. "Huyo si mtoto," alinong'ona. "Makandi yuko kwa Mungu. Hili ni jini, dada. Tulilifungulia, likachukua jina lake."

Mjomba wake Barwaqo, Shehe Abdishakur, alikuja kutoka Maua, akasoma Kurani taratibu juu ya udongo ule, huku Kagwiria akichimbua kipimo kwa mikono yake mwenyewe. Mama Makandi alishikilia waya mpaka ukamtoka. Harufu ikaondoka. Ardhi ikanyamaza.

"Mungu alimchukua, nikakubali," Mama alimwambia Kagwiria. "Wewe ulinirudishia, halafu ukanipokonya."

Kagwiria aliyapanga mawe upya, akapiga magoti, akaomba msamaha, lakini hakuinuka akiwa mwepesi.

Aliporudi Nchiru alikaa ghorofa ya tatu, mbali na udongo wowote. Jioni moja alikuwa akichemsha chai simu ilipolia. Mama Makandi alimuuliza kama amefika salama, kama anasoma vizuri. Kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Yuko kwako?"

"Hapana, Mama."

Chini ya nyayo zake, sakafu iligonga mara tatu.

"Nimemsikia," Mama akasema. "Tafadhali, usimlaze na njaa."