Maandishi kwenye Zege

Kila saa nne asubuhi Mama Cherehani aliacha kushona, akaenda kwa jirani kutazama somo la kusoma na kuandika kwenye televisheni. Kisha jirani akahama na dishi lake. Kituo kile kilinaswa na dishi kubwa tu, na masomo mapya yangeanza baada ya siku kumi.

"Usijali, mke wangu," alisema mumewe, dereva mstaafu asiyejua kukanyaga breki. "Dishi nimeshapata. Leo leo nalisimamisha!"

Akachimba shimo la kina cha goti chini ya mti, akasimamisha nguzo, akashindilia mawe na udongo, akafunga dishi. Jioni upepo ukavuma, nguzo ikainama. Majirani wakapata la kusema.

"Dishi la mzee limeyumba!" Hawakusema ni la uani au la kichwani.

Mama Cherehani hakucheka. Alikuwa amechoka kutia dole gumba mahali pa saini.

Kesho yake akamwita fundi, mwanamke mwenye timazi ya kupimia wima mfukoni.

"Simama hapa, mama. Tazama kule juu. Unaona nini?"

"Majani."

"Basi na dishi litaona majani hayo hayo."

Wakahamia penye kamba ya kuanikia nguo, palipo wazi. Safari hii shimo lilifika kiunoni. Fundi aliinyoosha nguzo kwa timazi, kisha wakamimina zege.

"Mlimwagilie asubuhi na jioni. Dishi tutalifunga baada ya siku saba."

"Siku saba? Si kesho litakuwa limekauka?" aliuliza mume.

"Litakauka juu, baba. Ndani bado. Ukiharakisha, utachimba tena."

Mume akaokota msumari, akachora kitu kwenye zege bichi.

"Umeandika nini?" mkewe akauliza.

"Nimeandika 'usiguse'," akajibu, akiangalia pembeni.

Dishi likafungwa, na fundi akaunga waya wa kupeleka radi ardhini. Somo la kwanza halikumpita Mama Cherehani.

Miezi mitatu baadaye upepo uling'oa bati la banda la kuku. Mama Cherehani alitoka mbio kutazama dishi. Halikutikisika. Akainama, akapitisha kidole kwenye zege.

"Di-shi... la... m-ke... wa-ngu."

Machozi yakamtoka, na kicheko juu yake.

"Mwongo mkubwa wewe! Hapa hapakuandikwa 'usiguse'!"

Mumewe akachungulia dirishani. "Nani kakwambia?"

"Nimesoma," akasema.