Aliyepiga Magoti Kizingitini

Haya yalimkuta jirani yetu wa ukuta mmoja, fundi picha tuliyembandika jina Bi Kopo kwa sababu hakuwa na kamera. Alikuwa na makopo ya maziwa ya unga. Anatoboa tundu la sindano, anaweka karatasi ya picha ndani, basi. Hata dawa ya kusafishia picha alichemsha mwenyewe, majani ya mnanaa na magadi.

Asubuhi hiyo alilitega kopo dirishani, likitazama ua mtupu, likae kutwa. Picha ya namna hiyo haimshiki mpita njia. Humshika aliyetulia tu, saa baada ya saa.

Kisha akaenda kliniki. Jicho la kulia lilishazimika, la kushoto lilikuwa njiani. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alimshika mkono safari nzima, kwenda na kurudi. Daktari hakuona ugonjwa. Walipofika langoni, dada akamwachia mkono, akatangulia ndani.

Bi Kopo akachukua kopo, akajifungia stoo, akawasha taa nyekundu, akaizamisha karatasi. Ukuta ukatokea. Kamba ya nguo. Kizingiti.

Na mtu.

Amepiga magoti kizingitini. Cheusi kilikuwa cheupe, kama karatasi hizo zilivyo, lakini bega lile lililoshuka upande mmoja alilijua. Lilikuwa la dada yake; alibebwa juu yake utotoni. Uso ulilitazama kopo. Haukuwa na ukungu hata kidogo. Saa saba nzima haukutikisika.

Alitoka na patasi, akaling'oa tofali la kizingiti. Chini yake palikuwa na kitambaa. Ndani, nywele zake, na picha yake ya shule. Jicho la kulia limetobolewa. La kushoto lina sindano, imeingia nusu.

Dada alikuwa amesimama nyuma yake. Hakukana. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mwenye macho huolewa, huhama, husahau aliyemlea.

"Ningebaki na nani, mdogo wangu?"

Bi Kopo alitaka kulia, machozi yakakataa. Mkono uliomlisha ndio ulioshika sindano. Akauliza jambo moja tu.

"Dada, kliniki nimekaa na nani?"

Dada akaikazia macho ile sindano.

"Mimi leo sijatoka humu ndani."

Dada aliondoka kabla jua halijazama, bila hata mkoba. Hawajaonana tena. Sindano ilichomolewa, jicho la kushoto likapona, la kulia halikurudi.

Wiki tano baadaye Bi Kopo alirudi kliniki, akamwomba muuguzi daftari la wagonjwa. Jina lake lilikuwepo. Mahali pa msindikizaji hapakuwa na jina wala sahihi, ila doa la maji, dogo, la mviringo, kama chozi lililodondoka. Muuguzi akasema kwa kunong'ona kwamba wameshaliweka daftari hilo juani mara tatu.

Bi Kopo akaligusa. Lilikuwa bado bichi.