Maji Huondoka, Chumvi Hubaki

Jambo la kwanza lilikuwa chumvi kwenye swichi ya taa.

Haikuwa nyingi. Ukoko mweupe tu, mwembamba, kama unga uliokaukia kwenye vidole vya mpishi. Delfina aliukwangua kwa ukucha, akauonja bila kufikiri, akatema.

"Eusebio! Bahari yako imeanza kutembea?"

Eusebio Archuleta alikuwa sebuleni, amepiga magoti mbele ya tangi lake la samaki kwa unyenyekevu ambao padri wake hajapata kuuona. "Chumvi hutambaa, mke wangu. Matone yanaruka, yanakauka, ukoko unapanda kioo. Ni kawaida."

"Kupanda kioo, sawa. Hii imepita ukumbi mzima, ikapinda kona, ikaingia chumbani kwa mtoto. Nayo ni kawaida?"

Eusebio alifuta swichi kwa kitambaa, akaendelea na mambo yake.

Albuquerque ni mji wa jangwani ambao mvua ikinyesha watu hutoka nje kuitazama. Ximena, binti yao wa miaka saba, alikuwa akiahidiwa bahari kila kiangazi, na kila kiangazi baba yake alikuwa juu ya mapaa ya watu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vipoza-nyumba vya maji, yale makasha ya bati yenye pedi zinazoloweshwa na pampu huku feni ikivuta upepo katikati yake. Joto ndilo lililomlisha. Joto likija, bahari ilingoja. Basi mwaka huu, karibu na Pasaka, aliamua kwamba kama mtoto hafiki baharini, bahari itafika kwa mtoto.

Tangi alilipata kwa mzee Wendell Stroud, aliyeishi peke yake ng'ambo ya mto na aliyekuwa akiligawa bure: kioo, taa, pampu, na mawe ya bahari, ya zambarau, yenye matundu kama jibini na vidudu hai ndani yake. Mzee alizungumza huku amekumbatia jagi la maji, akinywa kila baada ya maneno mawili. Pembe za mdomo wake zilikuwa nyeupe, zimepasuka.

"Chukua na mawe," alisema. "Yote. Usiniachie hata kokoto."

"Bure kabisa, mzee wangu? Lina kasoro gani?"

"Halina kasoro." Akanywa. "Linataka nyumba yenye watu, basi."

Eusebio alimwona mpweke, akamkumbatia. Yeye ni mtu wa kukumbatia watu.

Duka la samaki nalo lilimpa somo. Mwanamke wa pale, aliyechorwa pweza mkono mzima, alimweleza taratibu: kila wiki atoe maji sehemu moja ya kumi, asizidishe, maji mapya yawe yamechujwa, si ya bomba, ayachanganye na chumvi siku moja kabla, ayapashe moto yalingane na ya tangini, ndipo ayamimine polepole. Kunyonya uchafu mchangani atumie bomba la mpira lenye kibofu cha kubonyeza kwa mkono.

"Sasa, yale yanayokauka katikati ya wiki," akaendelea, "hayo usije uka—"

"Dada yangu," Eusebio alimkatiza, "maji ndiyo kazi yangu. Mimi na maji tulioana kabla sijamjua mke wangu."

Wakacheka wote. Akatoka na mfuko wa chumvi begani, na sentensi moja ikabaki dukani.

Samaki walikuwa wawili, wa rangi ya chungwa na mistari myeupe. Ximena aliwaita Haragwe na Pilipili. Kila asubuhi, kabla ya kupanda lori lake, Eusebio alikuta maji yameshuka, wakati mwingine upana wa kiganja. Hewa ya jangwani hunywa, alijiambia. Akajaziliza kwa maji ya chumvi. Bahari ni ya chumvi, kwa hiyo hujazwa kwa chumvi. Kuna ugumu gani hapo?

Ilipofika Juni, Ximena alianza kuona kiu.

Mwanzoni walimtania. "Huyu mtoto ni ngamia," Delfina alisema. Kisha utani ukaisha. Alikunywa glasi juu ya glasi, akaacha maharage, akaacha mikate, hata pilipili za kijani za kuchoma alizokuwa akigombania na baba yake. Midomo ilimpasuka. Kliniki wakampima damu, wakamtafutia sukari, hawakuiona. Wakasema ni joto, anywe maji. Kama kwamba alikuwa akifanya kitu kingine! Mwili ulimwisha, macho yakaingia ndani, na kila Delfina alipobadilisha foronya ya mto wake aliikuta ngumu, inakwaruza, imeganda chumvi mahali alipolaza shavu.

"Tuliuze hilo dude," Delfina alinong'ona.

"Ndicho kitu pekee kinachomfurahisha."

"Kinachomfurahisha? Umemwona anavyolitazama?"

Hakuwa amemwona. Alimwona alasiri moja ya Julai, aliporudi mapema kuchukua spana ya mabomba. Nyumba ilikuwa kimya, mapazia yamefungwa kuzuia jua, na harufu ilimpokea mlangoni: harufu ya ufuo maji yakipwa, mwani unaooza na kombe zilizo wazi juani, ndani ya nyumba iliyozungukwa na mchanga mkavu pande zote. Kisha akasikia sauti. Guk. Guk. Guk. Kitu kilikuwa kinakunywa. Alidhani ni mtoto, akaingia sebuleni akitabasamu, na kweli mtoto alikuwa pale, amesimama, paji la uso limegusa kioo, glasi tupu imening'inia mkononi, lakini koo lake lilikuwa halitikisiki hata kidogo, na sauti ile haikutoka kwake bali kwenye mawe, ambayo matundu yake yalifunguka na kujifunga pamoja, polepole, kama vinywa vya watoto wanaonyonya usingizini, na kila yalipojifunga midomo ya Ximena ilizidi kuwa myeupe mbele ya macho ya baba yake, na Haragwe na Pilipili walikuwa wamesimama wima majini, hawaogelei, wanamtazama yeye aliyeingia.

Alimnyakua mtoto, akatoka naye uani.

"Baba," Ximena alisema kwa sauti kavu, "ameniambia tukijaa ataniacha."

"Nani, mama?"

"Mwenye kiu."

Sisi tungesema jini, na tungejua pa kwenda. Delfina naye alijua. Alimleta shangazi yake, Bibi Ofelia, mama mnene aliyewaagua watu wa bonde lile kwa sala, majani machungu na yai, na ambaye hajawahi kuona samaki asiyekaangwa.

"Hiki ndicho mnachokiita mapambo?" alisema, akilitazama tangi kwa mbali. "Watu wananunua televisheni, nyie mnanunua balaa na kulitilia taa."

Alimlaza Ximena kwenye kochi, akapitisha yai bichi juu ya mwili wake, kuanzia kichwani kuelekea nyayoni, akisali. Desturi ni kulipasua baadaye kwenye glasi ya maji ili ugonjwa usomwe kwenye ute. Lakini alipofika kifuani yai likamponyoka. Halikuanguka sakafuni. Liliruka, au lilivutwa, hakuna aliyeona vizuri. Walisikia chubwi tu, na tazama, liko ndani ya tangi.

Likaelea. Yai bichi, zima, zito, lilikaa juu ya maji kama kizibo.

"Yai haliwezi kuelea baharini," Bibi Ofelia alinong'ona. "Nimeingia bahari ya Mazatlán na mayai mfukoni, usiniulize kwa nini. Yalizama. Hii si bahari, mwanangu. Umeweka nini humu?"

Eusebio alikaa chini sakafuni. Maisha yake yote alipanda juu ya mapaa, akafungua makasha yaliyogandamana ukoko, akawafokea wenye nyumba: maji huondoka, mama, chumvi hubaki, kilichokauka kijazilize kwa maji matupu! Na kila asubuhi, tangu Pasaka, maji yalikauka, chumvi ikabaki, naye akaongeza nyingine juu yake. Samaki wangekufa zamani. Hawakufa. Kitu kilikuwa kinawaweka hai.

"Mwenye kiu, mimi ndiye niliyemlisha," alisema. "Kwa mikono yangu. Kadiri chumvi ilivyozidi ndivyo kiu yake ilivyozidi, na kiu yake anaimaliza kwa mtoto."

"Basi yamwage yote!" Delfina alisema.

"Hapana," Bibi Ofelia alisema. "Ukimnyang'anya yote kwa ghafla atashika kilicho karibu, na kilicho karibu ni huyu. Mtoe kidogo kidogo, mpaka yai lizame. Na usiyaguse kwa mdomo. Kinachotoka kinatafuta pa kuingia."

Ndivyo walivyofanya. Kila mchana ndoo moja ya maji ya tangi ilitoka, ikamwagwa chooni kwa sala, na maji matupu yaliyochujwa yakaingia mahali pake, ya uvuguvugu, polepole, kama alivyofundishwa. Yai lilishuka kidogo kila siku. Ximena aliomba mkate. Kisha akaomba pilipili, na Delfina akalia jikoni.

Ndoo ya mwisho ndiyo iliyokataa. Yai lilining'inia katikati, halipandi, halizami. Eusebio alibonyeza kibofu cha mpira. Kikapasuka mkononi mwake, kimejaa chumvi ngumu kama mfupa. Akachovya jagi, maji yakakimbia pembeni. Kochini, Ximena akaanza kukohoa kikohozi kikavu, cha mchanga, na uso ukamgeuka rangi ya majivu, na Bibi Ofelia akaisoma sala kwa sauti iliyozidi kupanda, na matundu ya mawe yakafunguka yote kwa mara moja, wala hayakujifunga tena.

Eusebio alimtazama binti yake. Kisha akauchukua ule mpira mtupu, akatumbukiza ncha moja tangini, nyingine akaitia mdomoni.

"Eusebio, usi—"

Akavuta, kama alivyovuta maji ya vipoza mapaani miaka yote. Donge moja la maji baridi lilimshuka kooni kabla hajalitema, na lilishuka kama kitu chenye viganja. Maji yakaanza kutiririka ndooni. Yai likazama, likatua mchangani.

Ximena alivuta pumzi. "Baba, nina njaa."

Asubuhi yake Haragwe na Pilipili walikufa, kifo cha kawaida cha samaki, nao wakazikwa uani kwa heshima. Nyumba ilinuka sabuni. Kila mtu alishukuru. Eusebio alikunywa jagi la maji, akashukuru, akanywa jingine.

Wiki ile alienda kwa mzee Wendell. Alimkuta barazani, amenenepa, midomo laini, hana jagi. Mzee alipouona mdomo wa mgeni wake alianza kulia.

"Nisamehe, bwana. Nilipokupa mawe, kiu iliondoka nayo siku hiyo hiyo. Ukitaka kupona, mpe mtu mwingine mawe. Mwenye familia. Mimi nilikuwa peke yangu, ilikuwa inanimaliza."

"Binti yangu ana miaka saba, mzee."

"Najua. Uliniambia siku ile."

Kwa mara ya kwanza maishani Eusebio aliagana na mtu bila kumkumbatia.

Delfina, ambaye hakuelezwa haya, alikuwa ameshatangaza tangi mtandaoni. Jumamosi akaja mwanamume mchangamfu na mapacha wake, waliobandika pua kwenye kioo kabla hata ya salamu.

"Bure kweli, kaka? Na mawe haya?"

Eusebio alikuwa ameegemea ukuta na jagi lake. Koo lilimwaka. Nyuma ya ulimi wake kitu kilijisogeza, kikasikiliza, kikafurahi. Neno moja tu, nalo ni fupi: ndiyo.

"Haligawiwi," alisema. "Samahani kwa usumbufu. Mke wangu alikosea."

"Eusebio!"

"Nimelipenda," akasema, akicheka, na kicheko kikatoka kama mchanga. "Mwanamume akipata bahari yake, mwacheni nayo."

Wale wakaondoka wamenuna. Delfina alifunga mlango kwa kishindo, akaenda kuosha vyombo kwa kelele. Akabaki Ximena, mashavu yamejaa, amemletea baba yake glasi ya maji bila kutumwa. Alimtazama akinywa mpaka tone la mwisho.

"Baba, mbona una nyeupe mdomoni?"

"Unga. Nimedokoa mkate wa mama yako, usimwambie."

Alicheka, akanyoosha kidole kumfuta. Eusebio aliudaka mkono ule hewani, akaushika mbali na uso wake.

"Usiguse, mwanangu," alisema. "Niongezee maji."