Mteremko Uliopakwa Njano

Gari lilianza kuteleza kabla dereva hajakanyaga chochote. Ardhi yenyewe ndiyo iliyokuwa ikitembea. Kipande kizima cha barabara kilimeguka, kikawabeba mpaka chini ya korongo, na tope likawafuata.

Mtaalamu wa udongo alijitoa kupitia dirisha la gari, damu ikimchuruzika usoni. Dereva wake, mzee ambaye ofisi nzima ilimwita Breki kwa jinsi alivyoogopa mwendo wa kasi, alikuwa amebanwa na usukani. Ilimchukua saa nzima kumchomoa. Paja lilikuwa limevunjika.

"Panauma sana, baba?"

"Panauma mpaka kwa jirani," Breki akasema, akajaribu kucheka.

Kwa wiki sita walikuwa wamezunguka bonde lile la mto, wakipima miteremko na kuchimba sampuli, ili ichorwe ramani ya kuonyesha wapi udongo utachukuliwa na maji. Mteremko huu uliomeguka hawakuupanda. Mtaalamu alikuwa na haraka, akautazama kwa mbali na kuupaka njano kwenye ramani: hatari ya wastani. Breki alimwambia siku ile, "Tupande, mwanangu. Miti yote kule imekatwa." Hakumsikiliza.

Alilifunga paja kwa vipande vya fimbo ya kupimia na mkanda wa gari. Simu zilikuwa zimelowa, na maji yao ya kunywa yalikuwa chini ya tope. Mto ulikuwa mzito kama uji. Akajaza chupa za sampuli, akasubiri tope litulie, akamnywesha Breki maji ya juu kwa kifuniko. Mara tatu alijaribu kupanda kutoka korongoni, na kila mara ukingo ulimomonyoka mikononi mwake ukamrudisha chini.

Siku ya pili mguu ulivimba, ukawa mweusi.

"Fuata maji," Breki alisema asubuhi ya tatu. "Huko chini kuna mashamba."

"Siwezi kukuacha."

"Hata leo hunisikilizi?"

Akapiga magoti kando yake. "Mteremko huu niliukosea, baba. Niliupaka njano."

"Najua. Nilikuwepo." Mkono wake ulikuwa wa moto. "Nenda, jua halijawa kali."

Alikwenda, maji kiunoni, akianguka na kuinuka, kiatu kimoja kikachukuliwa. Mchana aliwakuta watu wakichota tope kwenye maharage yao. Hawakuuliza mengi. Walibeba kamba na ngazi, wakamfuata.

Breki alikuwa ameegemea mwamba, kofia usoni, kama mtu anayesubiri abiria wake. Mmoja wao alimgusa shingoni, kisha akavua kofia yake mwenyewe.

Jioni, barabarani, mganga wa zahanati alifungua daftari lake.

"Mmeokolewa wangapi?"

"Wawili," akasema mtaalamu.

Waliobeba mwili wa Breki kwenye machela walitazamana. Hakuna aliyemsahihisha.