Kompyuta Zilizojiita Fidelis

Kengele ya mwisho ilipolia, Digna hakubaki uwanjani kucheza rede na wenzake. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwao, nyuma ya mashine za kukoboa mpunga. Mama yake, ambaye majirani wote walimwita Mama Fidelis, alikuwa amekwisha kupakua wali na samaki kwenye hotipoti. Digna alivua sare, akala upesi, akalifunga hotipoti kwenye keria ya baiskeli na kuondoka.

Chakula kile kilikuwa cha kaka yake, Fidelis. Baba yao alifariki Digna akiwa bado anabebwa mgongoni, kwa hiyo Fidelis ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, kuogelea na kufunga kamba za viatu. Mwaka ule, 1998, alikuwa fundi wa kompyuta katika Kituo cha Mafunzo cha Lumemo hapo Ifakara. Kituo kilikuwa kimepokea kompyuta mpya, chumba kizima. Makarani wa zahanati kutoka Mchombe, Sanje na vijiji vingine walitarajiwa kuja kujifunza kutunza kumbukumbu za wagonjwa, na Fidelis alitakiwa kuziandaa mashine zote kabla hawajafika.

“Utaziandaa moja moja?” Digna alimwuliza siku ya kwanza alipoziona zimepangwa mezani.

“Nikifanya hivyo nitazeekea humu,” Fidelis alijibu. “Naandaa moja tu. Naiwekea mfumo wa kuiendesha, naiwekea programu zote, naisafisha, halafu naichukua yote kama ilivyo na kuihifadhi kwenye ile kubwa ya pembeni, inaitwa seva. Hiyo ndiyo nakala mama. Baada ya hapo kila kompyuta naipa disketi moja. Inawaka, inaitafuta seva, inajinakilia yenyewe mpaka mwisho. Mimi nakunywa chai.”

“Unaisafisha kwa kitambaa?”

Fidelis alicheka. “Naisafisha ndani. Hii ninayoiandaa nimeipa jina langu kwa muda, Fidelis. Nisipolifuta, nyingine zote zitazaliwa zikijiita Fidelis, na zikikutana kwenye mtandao zitagombana. Kosa likibaki kwa mama, watoto wote wanalirithi. Ndiyo maana nikimaliza najaribu kwanza kwenye mashine mbili. Zikielewana, ndipo naziachia zote.”

Digna alizipenda sana zile alasiri. Alikaa juu ya boksi la mbao, kaka yake akila na kumweleza hiki na kile, na mara nyingine akimruhusu kutia disketi kwa mkono wake mwenyewe.

Kisha masika yakakolea. Mto Lumemo ulifurika, barabara zikawa tope tupu, na umeme ukawa unakatika mara kwa mara. Kila ulipokatika, Fidelis alilazimika kuanza upya kuiandaa ile ya kwanza. Jumatatu moja Digna alimkuta amevaa sweta katika joto lile la mchana, kichwa amekilaza juu ya meza.

“Kaka, unaumwa?”

“Nimenyeshewa tu. Homa kidogo.”

Digna alimgusa mkono. Ulikuwa wa moto kama chungu kilichotoka jikoni. Alifungua hotipoti, lakini Fidelis aligeuza uso.

“Umekunywa dawa?”

“Nimemeza klorokwini mbili. Nyingine nimeziacha, zinaniwasha mwili mzima, nikizimeza siwezi kufanya kazi.” Alimtazama mdogo wake. “Digna, usimwambie mama. Akijua atanipeleka hospitali saa hiyo hiyo, na kazi hii italala. Makarani wanakuja Jumatatu ijayo. Niahidi.”

“Na chakula je? Nikikirudisha ataniuliza.”

“Utajua la kufanya. Wewe ni mtu wangu.”

Digna alijisikia fahari kuitwa hivyo. Aliahidi. Aliporudi alipita mashineni, akawamwagia bata wali wote, akaliosha hotipoti bombani.

“Amekula?” mama yake aliuliza, akilipokea.

“Amekula, mama.”

Kesho yake ikawa vile vile, na siku mbili zilizofuata pia. Fidelis alikuwa akilala chumba cha uani, akitoka alfajiri na kurudi giza limeingia, akimwambia mama yake kwamba ameshiba huko huko kazini. Jioni moja, mama alipokuwa akipepeta mchele, alisimamisha ungo magotini.

“Kaka yako mbona namwona amekonda?”

Maneno yote yalikuja mpaka kwenye ulimi wa Digna. Alikumbuka ahadi. “Ni kazi, mama. Wana kazi nyingi.”

Mama alimwangalia kidogo, kisha akaendelea kupepeta.

Ijumaa Digna alipoingia kwenye chumba cha kompyuta hakumwona mtu mezani. Fidelis alikuwa sakafuni kati ya viti, mwili ukimtetemeka, macho wazi. Alikuwa akisema maneno yasiyoungana. Digna alimwita jina, akamshika mashavu, lakini kaka yake hakumtambua. Digna alikimbia ukumbini akipiga kelele mpaka Bernadeta, mkuu wa kituo, akatoka ofisini kwake. Walimbeba, wakamlaza nyuma ya pikapu ya kituo, wakampeleka hospitali.

Daktari alimtundikia dripu ya kwinini. Alimweleza Mama Fidelis, aliyekuja mbio, kwa upole kwamba malaria imepanda kichwani. “Tutajitahidi, mama. Angeletwa siku zile za mwanzo ingekuwa rahisi zaidi.”

“Hakuugua siku nyingi, daktari,” mama alisema. “Imemwanza ghafla.”

Digna alikuwa amesimama nyuma yake. Alisikia kila neno.

Jumapili asubuhi, watu wakiwa njiani kwenda misa, Fidelis alifariki dunia.

Walimzika Jumatatu, siku ile ile makarani waliyotarajiwa kuja. Bernadeta alikuwa amekwisha kutuma habari kwamba mafunzo yameahirishwa. Udongo wa makaburini ulikuwa na maji, na wanaume waliochimba walitoka shimoni miguu imejaa tope mpaka magotini. Wanawake waliimba. Mama Fidelis hakuimba wala hakulia kwa sauti. Alikuwa ameshika mkono wa Digna, na kila mara aliubana kana kwamba mtu anataka kumnyang’anya.

Matanga yalipokwisha, Bernadeta aliwaomba waende kituoni kuchukua vitu vya Fidelis. Vilikuwa vichache: koti la mvua, bisibisi zake, na kikombe chake cha bati. Digna aliona seva ingali inaunguruma pembeni.

“Shikamoo, mama,” Bernadeta alimwamkia Mama Fidelis na kumpa kiti. “Nilitaka mwone kazi aliyoiacha. Ameimaliza karibu yote. Alinifundisha namna ya kuiendesha, na leo ndiyo kwanza naijaribu.”

Alitia disketi mbili katika kompyuta mbili na kuziwasha. Mashine ziliunguruma, mstari wa buluu ukaanza kutambaa kwenye vioo vyake. Walingoja. Mvua ilianza na kukoma. Hatimaye zote mbili zilijizima na kuwaka upya zenyewe. Kisha kwenye kila kioo likatokea jina lile lile: FIDELIS. Chini yake yalikuja maandishi ya kuonya kwamba jina hilo limekwisha kutumika na mashine nyingine, na kwamba mtandao umekataa.

Mama Fidelis alisoma jina la mwanawe kwenye mashine ya kwanza, kisha kwenye ya pili. Ndipo machozi yalipomtoka.

“Liacheni,” Digna alisema. “Dada Bernadeta, naomba mliache hapo.”

Bernadeta alimgeukia. “Hata mimi moyo wangu ungependa libaki. Lakini likibaki, kazi yake yote haitamfaa mtu. Nitalifuta kwenye ile aliyoiandaa mwenyewe, kisha nichukue nakala upya.” Alikitazama tena kioo. “Kinachonishangaza ni hiki. Fidelis hakuwa mtu wa kusahau jambo hili. Yeye ndiye aliyetukaririsha kwamba jina lifutwe kabla ya yote. Nakala hii ameihifadhi Jumatano. Mama, alianza kuumwa lini?”

“Ijumaa,” mama alisema. “Mpaka Alhamisi alikuwa anakula vizuri. Hotipoti lilikuwa linarudi tupu.”

“Wiki ile hapa hakuwa akila, mama. Nilimwuliza, akaniambia anakula nyumbani.”

Wanawake wale wawili walitazamana. Digna angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Aliyekuwa anajua alikuwa amezikwa.

“Nilikuwa nawapa bata,” alisema.

“Nini?” mama aliuliza.

“Chakula. Kaka alikuwa anaumwa tangu Jumatatu. Alikuwa na homa kali. Aliniambia nisikwambie, na mimi nikaahidi. Nilikuwa namwaga chakula, naosha hotipoti, nakwambia amekula.” Alianza kulia. “Uliponiuliza mbona amekonda, nilitaka kukwambia, mama. Nikadanganya tena.”

Mama Fidelis alisimama, akalichukua koti la mvua la mwanawe, akatoka.

“Mfuate,” Bernadeta alimwambia Digna taratibu. “Usimwache atembee peke yake. Mimi pia nilimwona amevaa sweta kwenye joto, nikapita tu. Nenda.”

Walitembea mpaka nyumbani, mama mbele, Digna nyuma akikokota baiskeli. Jioni ile mama alipika, akampakulia, akaingia ndani kulala bila kula. Digna alikaa jikoni mpaka makaa yakazimika.

Asubuhi alimkuta mama ameketi uani juu ya mkeka, kwenye jua, amejifunga kanga mbili na kuliweka koti la Fidelis mabegani.

“Njoo ukae hapa,” mama alisema.

Digna alikaa.

“Sitakwambia kwamba haikuwa kitu. Ingekuwa uongo, na nyumba hii imechoka na uongo. Ungeniambia, ningempeleka hospitali siku ile ile. Pengine angepona, pengine asingepona. Hilo Mungu ndiye ajuaye. Lakini mzigo huu usiubebe peke yako. Fidelis alikuwa mtu mzima, na hakupaswa kumtwisha mtoto siri ya namna ile. Na mimi nilimwona amekonda kwa macho yangu, nikaridhika na jibu la kwanza.”

“Unanichukia, mama?”

“Jana niliogopa kwamba nitakuchukia. Nimeamka, nimeona sikuchukii. Nina wewe tu.”

Aliposema hivyo meno yake yaligongana. Digna alimtazama vizuri. Jua lilikuwa kali, bata wamekwisha kukimbilia kivulini, na mama alikuwa anatetemeka ndani ya kanga na koti.

“Mama, una homa.”

“Ni uchovu wa msiba. Itapita.”

“Tangu lini?”

Mama alifungua mdomo kujibu, akaufunga. “Tangu juzi,” alisema mwishowe. “Kichwa, na viungo vyote. Nilitaka nikufiche, usije ukaogopa.”

“Twende sasa,” Digna alisema, akasimama. Alimwita jirani yao, Balbina, aliyekuwa na baiskeli imara. Balbina alimpakia Mama Fidelis, Digna akawafuata kwa baiskeli yake. Hospitalini mama alipimwa, akakutwa na malaria, akalazwa.

Homa ilishuka siku ya pili. Bernadeta alikuja kumtazama, akawaletea habari kwamba jina limefutwa, nakala mpya imekubali, na kompyuta zote zimejinakilia bila kugombana. Makarani wamekwisha kufika na kuanza kujifunza. Mama Fidelis aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akageukia ukutani kidogo ili asionekane uso.

Bernadeta alipoondoka, mama alimeza vidonge vyake vyote na maji, akamshika Digna mkono.

“Sikiliza, mwanangu. Ahadi ni kitu kizuri, na mtu asiyetunza siri hana rafiki. Lakini ugonjwa hauna siri. Mtu akikuomba ufiche homa yake, hata kama unampenda kuliko wote, mwambie hapana, kisha umwambie mtu anayeweza kumsaidia. Atakasirika. Mwache akasirike. Anayekasirika yu hai.”

“Nimeelewa, mama.”

“Haya. Sasa na wewe niambie ukweli. Tangu msiba, unalala?”

Digna alitaka kusema ndiyo, kama alivyozoea. “Hapana,” alisema. “Silali kabisa.”

Mama alisogea pembeni ya kitanda kile chembamba, akainua shuka, akamwachia nafasi.