Chumba Hiki Nakifahamu

Ngumi ilitoka kusikojulikana ikazama ndani ya keki hadi kwenye kiwiko.

Wavinya alibaki ameshika sinia, kinywa wazi, krimu ya pinki ikimchuruzika kwenye blauzi nyeupe aliyoipiga pasi asubuhi ileile. Ilikuwa siku ya soko mjini Kabati, watu wamejaa hadi barabarani, na keki hiyo ya ghorofa mbili ilikuwa ya harusi. Mwenye ngumi alikuwa mwendesha bodaboda mnene, amevaa jidude jeusi lililomfunika macho yote mawili. Alikuwa akiruka na kurusha mikono, na hakuwa na habari kwamba yuko sokoni.

"Nimemwangusha!" alipiga kelele. "Si ameanguka?"

"Umeangusha harusi ya watu!" Wavinya akamjibu.

Kwenye kibanda cha jirani akachomoka kijana mrefu mwenye koti la buluu la fundi, bisibisi imechomekwa nyuma ya sikio. Alimvua yule bwana ile hedseti ya mchezo wa ndondi, akaitazama keki, akamtazama Wavinya, na uso ukamshuka.

"Harusi ni saa ngapi?"

"Saa nane!"

"Sasa ni saa tatu. Unahitaji mayai mangapi?"

Wavinya alikuwa amejiandaa kutukana, tena matusi ya kushiba. Lakini mtu akikuuliza mayai, utamtukana uanzie wapi?

Hivyo ndivyo Muthama alivyofunga kibanda siku ya soko, akashinda jikoni kwa Wavinya akipiga mayai hadi mkono ukamfa ganzi. Alikuwa fundi wa simu, lakini mapenzi yake yalikuwa hizo hedseti za kumwingiza mtu dunia nyingine. Alizinunua kuukuu, zile ambazo kampuni imeacha kuzihudumia zikabaki zimejifunga, hazimfai mtu. Aliufuta mfumo wa kampuni na kuingiza mfumo huria, ule ambao yeyote anaweza kuufungua, kuusoma na kuubadilisha apendavyo. Wake alikuwa ameutafsiri kwa Kiswahili kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho.

"Ya kampuni lazima ikuulize wewe ni nani ndio ikuonyeshe kitu," alieleza huku akikoroga. "Hii yangu haikuulizi, na haiendi kukusema kwa mtu. Kila kitu kinabaki hapo ndani."

"Kama mwanaume mwenye siri."

"Mimi sina siri, mrembo."

Tumwache na maneno yake. Keki ilifika kanisani saa nane kasoro dakika tano, na kabla ya mwezi kwisha Wavinya alikuwa halali bila kusikia sauti ya fundi huyo.

"Umekula, keki yangu?"

"Wewe usiniite keki. Nyinyi huko kwenu mnazipiga ngumi."

"Basi nikuite nini?"

"Jina langu lina kasoro gani?"

"Halina. Ni vile nikilitaja, wateja wanajua kwa nini nacheka peke yangu."

Miezi minane ikapita hivyo, tamu, hadi Jumamosi moja Wavinya alipotaka kwenda nyumbani Mbooni kumwona mama yake. Akapitia kibandani. Muthama alikuwa ametoka kutafuta risasi ya kuchomelea. Mezani palikuwa na hedseti moja, safi, imefungiwa kamba mpya. Wavinya akaitia mkobani na kumtumia ujumbe: Nimebeba moja, nikamwonyeshe mama Yerusalemu ya humo ndani. Kisha akaenda zake.

Nyumbani alimkuta mama yake, Mwaitu kama walivyomwita kwa Kikamba, sebuleni, amejitanda leso ya zambarau, na mdogo wake Nduku, nywele zimesukwa upya, midomo inang'aa. Baada ya chai Wavinya akasimama katikati ya chumba.

"Ngojeni niijaribu kwanza, halafu Mwaitu atavaa."

"Ni nini hicho?" mama akauliza.

"Utaona."

Akaivaa. Badala ya Yerusalemu, maandishi meupe yakatokea mbele ya macho yake: *Chumba hiki nakifahamu. Kilipimwa Jumamosi, tarehe kumi na nne. Nitumie mpaka uleule?*

Mstari wa buluu ukawaka sakafuni, ule wa kumzuia mvaaji asigonge vitu. Ukapita mbele ya kochi la mama, ukakwepa kigoda, ukazunguka kabati la vyombo na kona ya meza bila kukosea hata kidogo. Mtu alikuwa amesimama hapa hapa na kuuchora kwa mkono wake.

Tarehe kumi na nne Muthama alikuwa Nairobi kununua vipuri. Ndivyo alivyomwambia Wavinya, tena akalalamikia na foleni ya magari. Na Mbooni alisema hajawahi kukanyaga.

Akaivua. "Nduku, Muthama ameshawahi kuingia nyumba hii?"

Kikombe kikamponyoka Nduku. "Nani amekuambia?" Halafu akajiziba mdomo kwa viganja viwili, akakimbilia jikoni.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini Wavinya hakutarajia iishie kwa dada yake. Alitoka hadi uani, akapiga simu.

"Wavinya! Nimekupigia mara kumi, hushikiki. Hiyo hedseti usii—"

"Tarehe kumi na nne ulikuwa wapi?"

"Si nilikuambia? Nairobi, mpenzi."

"Kitu chako kinasema ulikuwa sebuleni kwa mama yangu."

Wavinya alisikia upepo na mngurumo wa pikipiki upande wa pili wa simu.

"Muthama, ni Nduku?"

"Hapana! Haki ya Mungu, si Nduku."

"Ni nini basi?"

"Siwezi kukuambia."

"Huwezi ama hutaki?"

"Siwezi, Wavinya. Niulize kitu kingine chochote."

Akakata simu. Alilia wima, pale pale uani, kilio cha mtu aliyeibiwa mchana na watu wakitazama.

"Mwache kijana wa watu," sauti ikasema nyuma yake. Mama alikuwa mlangoni, ameshika mwimo. "Alikuja kwangu mimi."

"Kwako?" Wavinya akatoa macho. "Mwaitu!"

"Wee! Akili yako isikimbilie huko." Mama akacheka kidogo, kisha uso ukamtulia. "Macho yangu yamekwisha, Wavinya. Hapa katikati pameingia kiza. Pembeni naona, lakini nikikutazama, hapo unapokuwa hakuna mtu. Daktari alisema miwani ya kawaida haiwezi."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu."

Mwaka wa pili! Keki zote zile ambazo Wavinya alikuwa akimtumia picha zake, na mama akimpigia kusema ile ya maua ni nzuri sana.

"Na picha zangu?"

"Nduku ananisomea. Ananiambia hii ina maua, na mimi nakuambia ina maua."

Mama akaeleza yaliyobaki bila kupumzika, kama mtu anayetua mzigo. Siku moja Wavinya alimpigia kwa simu ya Muthama, akajisifu kwamba rafiki yake anatengeneza miwani ya kuona dunia nyingine. Namba ikabaki. Mama akampigia kijana, akamuuliza kama miwani hizo zinaweza kumwonyesha mtu dunia hii hii. Muthama aliufungua ule mfumo wake akaubadilisha, kamera za mbele zikavuta kila kitu na kukikuza. Tarehe kumi na nne akaileta hadi Mbooni, akapima sebule, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mama akasoma Zaburi mwenyewe. Wiki iliyopita kamba ilikatika, Nduku akaipeleka hedseti Kabati kwa siri; ndiyo hiyo Wavinya aliyoibeba.

"Kwa nini ukanificha mimi?"

"Ungefunga kazi yako uje kunishika mkono. Nakujua. Nikamwapisha: ukimwambia, usahau kuleta mbuzi za ntheo, mbuzi za posa, hapa, msichana hupati."

Saa kumi na moja pikipiki ikapanda kilima. Muthama alishuka mwekundu kwa vumbi toka unywele hadi kiatu. Alikuwa amefunga safari mara tu alipoiona meza tupu. Wavinya alimngoja langoni, mikono kifuani.

"Nakuuliza mara ya mwisho. Ulikuja hapa kufanya nini?"

Muthama akameza mate. "Siwezi kusema."

"Basi tumeachana."

Machozi yalichora mistari miwili kwenye vumbi la mashavu ya kijana. "Sawa," akasema. "Lakini nakupenda." Akageukia pikipiki.

"Mama ameshaniambia, mjinga wewe."

Muthama akakaa chini kwenye mchanga. Wavinya akapiga magoti mbele yake.

"Mama umemtunzia macho, asante. Lakini Nairobi ulinidanganya. Nimelia pale uani nikiamini umenichukulia dada. Usinifanyie hivyo tena, hata kwa wema."

"Hata mama akiniapisha?"

"Hata mama."

Muthama akainuka, akajipangusa, akaingia sebuleni, Wavinya nyuma yake. Mama alikuwa ameivaa hedseti.

"Mama, nimekuja kukurudishia kiapo chako. Kuanzia leo sitamficha Wavinya jambo lako lolote. Kama ni kuninyima msichana, uninyime nikiwa nimesema kweli."

Nduku, amesimama mlango wa jikoni, alishika kichwa. Hakuna aliyemsemesha mama namna hiyo nyumbani humo.

"Na yeye umemuuliza kama anakutaka?" mama akasema.

Muthama akamgeukia Wavinya. "Utanikubali?"

"Ndiyo."

"Ngoja," mama akasema. Alinyoosha mikono akamvuta Wavinya hadi nyuso zikakaribiana, kamera zikihangaika kumtafuta. Zilipompata, mama akashtuka, akafunika mdomo. "Mbona umekonda hivi, mwanangu?" Vidole vyake vikampapasa shavu. "Umekuwa mtu mzima na mimi sikuona. Sema tena. Nataka kukuona ukisema."

Wavinya alikuwa akilia, lakini alisema, polepole, ili mama auone mdomo wote.